Ndizi, viazi na matembele: chakula cha bure cha nguruwe Igogwe kina bei yake

WAFANYABIASHARA na wawekezaji wadogo wanaonunua watoto wa nguruwe kwa ajili ya kunenepesha katika eneo la Igogwe, wilayani Rungwe, wana sababu ya kuamini kwamba chakula kipo shambani. Nyanda hizi hupata mvua nyingi. Ndizi zisizofaa sokoni, viazi vidogo, matembele, magimbi na, katika miaka ya karibuni, parachichi zilizokataliwa na wanunuzi hupatikana kwa bei ndogo au bila malipo kabisa. Kwa hesabu hiyo, gharama inayobaki ni mtoto wa nguruwe, banda na dawa, na faida huonekana kubwa kabla mnyama hajaingia bandani.

Hesabu hiyo ina kasoro. Mimea hiyo ina thamani halisi kwa nguruwe anayekua, lakini thamani yake haipimwi kwa uzito wa gunia wala ukubwa wa mkungu. Hupimwa kwa mambo matatu: kiasi cha chakula kikavu kinachobaki baada ya kuondoa maji, kiasi cha protini kilichomo, na sehemu ambayo nguruwe anaweza kuimeng'enya. Asiyepima mambo hayo hulipa gharama asiyoiona, nayo ni siku. Nguruwe ambaye angefaa kuuzwa baada ya miezi mitatu na nusu hukaa bandani miezi minane, huku akila kila siku.

Gunia lililojaa maji

Mahindi makavu yana sehemu kavu ya asilimia 88 hivi. Maji ni kidogo. Viazi vitamu vina asilimia 30 hivi ya sehemu kavu, viazi mviringo 20 hadi 22, na ndizi mbichi pamoja na maganda yake 20 hivi. Matembele mabichi yana asilimia 12 hadi 15. Shina la mgomba, ambalo wafugaji wengi hulikatakata na kuwatupia nguruwe, lina asilimia 5 hadi 7 tu. Anayebeba kilo 100 za shina la mgomba kupeleka bandani amebeba kilo 93 au zaidi za maji.

Kwa maana hiyo, chakula kikavu kilichomo ndani ya kilo moja ya mahindi ni sawa na kile cha kilo 3 za viazi vitamu, kilo 4.4 za ndizi mbichi, au karibu kilo 7 za matembele.

Nguruwe wa kilo 40 hadi 50 huhitaji takriban kilo 2 za chakula kikavu kwa siku. Akitegemea matembele pekee, ingebidi ale kilo 15 hivi za majani mabichi kila siku, jambo ambalo tumbo lake haliwezi. Ndiyo maana nguruwe wa majani huonekana ameshiba, tumbo likiwa kubwa, wakati mgongo na mapaja hayajazi nyama.

Wafugaji wa Rungwe wamezoea ng'ombe wa maziwa, na wengi huhamishia mazoea hayo kwa nguruwe. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, na vijidudu waliomo humo huvunja nyuzinyuzi za majani na kuzigeuza kuwa chakula. Nguruwe ana tumbo la chumba kimoja kama binadamu. Nyuzinyuzi huvunjwa kwa kiasi tu katika utumbo mpana, mwisho wa safari, na mnyama mdogo hufaidi kidogo sana. Kwa sababu hiyo, jani linalomfaa ng'ombe haliwezi kuwa msingi wa chakula cha nguruwe wa kilo 20.

Wanga upo, protini haipo

Ndizi, viazi na magimbi ni vyakula vya wanga. Humpa nguruwe nguvu na mafuta. Misuli, ambayo ndiyo nyama inayouzwa, hujengwa kwa protini.

Viwango vilivyotolewa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani mwaka 1998, vilivyotumika sana duniani, vinasema nguruwe wa kilo 20 hadi 50 anahitaji chakula chenye protini asilimia 18, na wa kilo 50 hadi 80 asilimia 15.5. Viwango hivyo ni vya nguruwe wa mbegu bora. Kwa nguruwe chotara wa mfugaji wa kawaida, asilimia 16 ni lengo linalotekelezeka.

Wingi wa protini peke yake hautoshi. Protini imejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo amino asidi, na kile ambacho nguruwe hukikosa kwanza ni laisini. Mfano wake ni mafiga matatu: figa moja likikosekana chungu hakikai, hata kama yale mawili ni makubwa kiasi gani. Viwango vya 1998 vinataka laisini ya asilimia 0.95 katika chakula cha nguruwe wa kilo 20 hadi 50. Mahindi yana asilimia 0.25 hivi. Mashudu ya alizeti yana protini nyingi kuliko mahindi, lakini laisini yake ni kama asilimia 1 tu, na yale yaliyokamuliwa pamoja na maganda yana nyuzinyuzi nyingi. Soya ina laisini zaidi ya asilimia 2. Dagaa wana zaidi ya hapo.

Mfano wa hesabu unaonyesha tatizo lilipo. Nguruwe wa kilo 45 anapewa kwa siku ndizi mbichi kilo 4, matembele kilo 1.5, na pumba za mahindi kilo 1.1. Jumla ni kilo 2 za chakula kikavu, na kwa macho mnyama ameshiba. Ndizi zimempa gramu 36 hivi za protini, matembele gramu 35, na pumba gramu 110. Jumla ni gramu 180. Lengo la asilimia 16 linadai gramu 320. Nguruwe huyo amepata zaidi kidogo ya nusu ya mahitaji yake, na sehemu ya hiyo nusu, hasa ya matembele na pumba, itapita bila kumeng'enywa.

Nusu ya pumba hizo ikiondolewa na badala yake akapewa nusu kilo ya soya iliyokaangwa, protini hufika gramu 320. Ndizi na matembele hazikubadilika. Kilichobadilika ni nusu kilo ya chakula cha kununua, na hapo ndipo mwekezaji mwenye mtaji mdogo husita.

Gharama ya kusubiri

Anayesita angefaa kupima upande wa pili. Kila mnyama hutumia sehemu ya chakula chake kwa ajili ya kuishi tu: kupumua, kutembea na kulinda joto la mwili. Kwa kanuni zinazotumiwa na wataalamu wa lishe, nguruwe wa kilo 50 hutumia kiasi kinacholingana na gramu 600 hivi za chakula kizuri kwa siku kabla hajaongeza hata gramu moja ya nyama.

Nguruwe anayetoka kilo 20 hadi kilo 80 kwa kuongeza gramu 600 kwa siku hutumia siku 100. Anayeongeza gramu 250 hutumia siku 240. Tofauti ni siku 140. Zidisha siku hizo kwa gramu 600, jibu ni kilo 84 za chakula kilicholiwa kumweka hai tu, si mbali na gunia zima la mahindi la kilo 90. Hilo ndilo gunia ambalo mwekezaji alidhani ameliokoa kwa kutumia ndizi za bure.

Si jambo la kufikirika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu nguruwe wa wafugaji wadogo wa Busia na Kakamega, magharibi mwa Kenya, ulikuta wastani wa nyongeza ya uzito ukiwa chini ya gramu 200 kwa siku. Wanyama hao walikuwa wakiishi kwa mabaki, majani na kujitafutia.

Aidha, mtaji unaozunguka kwa siku 100 unaweza kurudi kazini mara tatu kwa mwaka, hata ukitenga muda wa kusafisha banda. Mtaji wa siku 240 hurudi mara moja na nusu. Na kila siku ya ziada ni siku nyingine ya hatari ya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa usio na tiba. Mlipuko wa mwaka 2010 katika wilaya jirani ya Kyela ni ukumbusho wa kutosha: mnyama aliyekwisha kuuzwa hakumtia mwenyewe hasara.

Bei ya mwisho ya kulipa

Je, mimea hiyo iachwe? La. Inayotakiwa ni bei sahihi na nafasi sahihi. Kipimo rahisi kwa mnunuzi ni kulinganisha kila chakula na bei ya kilo ya mahindi siku hiyo, chakula kikiwa kimefika bandani, usafiri na kibarua vikiwa ndani.

Ndizi mbichi: zisizidi moja ya sita ya bei ya mahindi. Kilo 4 za ndizi huchukua nafasi ya mahindi gramu 900 hivi, lakini zina protini pungufu ya mahindi hayo kwa gramu 40, ambayo hulipiwa kwa kuongeza gramu 100 za soya.

Viazi vitamu: moja ya nne. Vina chakula kikavu kingi kuliko ndizi, lakini protini yake ni ndogo vilevile.

Viazi mviringo: moja ya tano, gharama ya kuni ikiwa ndani. Protini yake, kwa kila kilo ya sehemu kavu, inalingana na ya mahindi au kuizidi kidogo. Ndicho chakula cha wanga chenye thamani kubwa zaidi kati ya vile vya nyanda za juu.

Matembele: yalinganishwe na soya, si mahindi, kwa kuwa hununuliwa kwa ajili ya protini. Kilo moja isizidi sehemu ya ishirini hadi ya ishirini na tano ya bei ya kilo ya soya.

Shina la mgomba: lisinunuliwe kwa nguruwe anayekua.

Kwa mfano tu wa hesabu, mahindi yakiwa sh. 600 kwa kilo na soya sh. 1,200, ndizi zisizidi sh. 100, viazi vitamu sh. 150, viazi mviringo sh. 120, na matembele sh. 50 hadi 60. Bei za soko zikibadilika, mafungu hayo hubaki yale yale. Inafaa kukumbuka kwamba mahindi yakishuka bei wakati wa mavuno, ndizi iliyokuwa rahisi mwezi uliopita inaweza kuwa ghali bila bei yake kupanda hata senti.

Matayarisho yanayobeba thamani

Viwango hivyo vina maana pale tu chakula kikitayarishwa ipasavyo. Wanga wa viazi mviringo vibichi haumeng'enywi vizuri na nguruwe, hivyo vichemshwe na maji yake yamwagwe. Viazi vilivyogeuka kijani au kuota vina sumu iitwayo solanini. Sehemu hizo zikatwe na kutupwa, kwani kuchemsha hakuiondoi. Viazi vitamu vibichi vina kizuizi cha umeng'enyaji wa protini, na moto hukipunguza.

Ndizi mbichi zina tanini nyingi kwenye maganda, zinazoleta uchungu na kupunguza ulaji. Ziachwe ziive au zichemshwe. Magimbi, mizizi na majani yake, yana vijiwe vya oksaleti vinavyowasha koo, na nguruwe hukataa kula, yachemshwe vizuri. Muhogo unaotoka mabondeni umenywe, ukatwe na ukaushwe ili sianidi ipungue.

Soya na maharage havipewi vibichi kamwe. Soya mbichi huzuia umeng'enyaji wa protini ile ile iliyolipiwa. Maharage yaliyovunjika, yanayopatikana kwa bei nafuu baada ya kuchambua, yana protini asilimia 22 hivi na laisini ya kuridhisha. Yakichemshwa na kutiwa kwa kiasi, ni msaada mkubwa ambao wengi wameupita bila kuutazama.

Parachichi ina mafuta mengi na hivyo nguvu nyingi, lakini protini yake ni kidogo, na kiasi kikubwa hulainisha mafuta ya nyama. Ipewe kidogo na nyama yake tu. Majani ya mparachichi yanajulikana kuwa sumu kwa mbuzi, farasi na sungura, na hayafai kuingizwa bandani.

Mabaki ya hotelini ni hatari ya namna nyingine. Yakiwa na vipande vya nyama ya nguruwe yanaweza kuleta homa ya nguruwe moja kwa moja bandani. Yachemshwe yote au yaachwe. Majani nayo yasikatwe mahali panapochafuliwa na kinyesi cha binadamu, kwani mayai ya tegu humfikia nguruwe kwa njia hiyo, na nyama yenye lava hukataliwa na mkaguzi. Hasara hiyo hujulikana siku ya kuchinja, wakati fedha yote imekwisha kutumika.

Majani yana nafasi yake

Wataalamu wa Tanzania hawakuyapuuza majani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walichapisha mwaka 1997 matokeo ya majaribio ya unga wa majani ya lusina kwa nguruwe wa kilo 20 hadi 60. Lusina ina protini ya zaidi ya asilimia 20 ya sehemu kavu, lakini ina sumu ya mimosini, na watafiti hao walipima kama kuongeza salfeti ya chuma kunasaidia kupambana na tatizo hilo. Funzo kwa mwekezaji liko wazi: hata jani lenye protini nyingi kuliko pumba hupimwa kama kiungo cha kuchanganya, wala si mlo kamili.

Nchini Uganda, kati ya 2014 na 2016, Kituo cha Kimataifa cha Viazi na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo vilishirikiana na wafugaji wa Masaka na Kamuli kuhifadhi matembele na viazi vitamu kwa njia ya sileji. Majani hunyaushwa ili maji yapungue, hukatwa vipande vidogo, huchanganywa na viazi vilivyokatwa na chumvi kidogo, kisha hushindiliwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Baada ya mwezi hivi huwa tayari. Faida yake kibiashara ni kwamba matembele ya msimu wa mvua, wakati hayana bei, huhifadhiwa hadi kiangazi.

Kwa nguruwe wa chini ya kilo 30, majani yawe kionjo tu. Kuanzia kilo 40, kiasi cha kilo moja na nusu ya matembele kwa siku, yaani asilimia 10 ya chakula kikavu, ni salama kwa ukuaji. Nguruwe jike mwenye mimba ndiye anayeweza kutumia majani mengi zaidi, kwa kuwa hatakiwi kunenepa haraka na utumbo wake umekomaa.

Nafasi ya biashara

Kwa mfanyabiashara wa vyakula vya mifugo, picha ya Igogwe inasomeka hivi. Wanga unazalishwa hapo hapo na utaendelea kuwa rahisi. Kinachokosekana ni protini, na sehemu kubwa yake hutoka mbali: soya kutoka mikoa kama Ruvuma na Njombe, mashudu ya alizeti kutoka Singida na kwingineko, dagaa kutoka maziwani. Mzigo huo hupita Mbeya na Uyole kabla ya kufika Tukuyu, na kila kituo huongeza bei. Anayeweza kuleta mzigo mkubwa kwa pamoja, au vikundi vya wafugaji vinavyoweza kununua kwa pamoja, watapunguza gharama mahali inapouma zaidi. Anayekusanya ndizi mbovu kwa wingi ili awauzie wafugaji atakuta soko lina mwisho wake, kwa sababu kila kilo ya ndizi inayoongezwa hudai protini zaidi kutoka nje.

Kwa mwekezaji mdogo, jambo la kwanza kabla ya kununua mtoto wa nguruwe ni kuhesabu mafungu ya soya au maharage atakayohitaji hadi siku ya kuuza, na kuyatengea fedha. Kwa mfano ulioonyeshwa hapo juu, nusu kilo ya soya kwa siku kwa siku 100 ni kilo 50 kwa kila nguruwe. Mwenye fedha ya nguruwe watano na soya ya wawili afuge wawili. Jambo la pili ni kupima uzito kila baada ya wiki mbili, kwa mizani au kwa utepe wa kifua. Nguruwe aliyepita kilo 30 ambaye hakuongeza kilo 6 katika wiki mbili anakula mtaji, na ni vyema kujua hilo katika mwezi wa kwanza kuliko wa saba.